Tulivyobadilisha Jina la Kanisa Letu Masasi, na Makosa Niliyofanya Nikiwa Katibu

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Masasi, na kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa kanisa letu la Kibaptisti. Haya namwandikia katibu mwenzangu wa Nachingwea, Newala au popote alipo, ambaye siku moja vijana watamwambia kwamba jina la kanisa limepitwa na wakati, naye atachukua kalamu aanze kuandika muhtasari. Jina letu la zamani sitalitaja. Wazee walioniruhusu kusimulia waliomba hivyo, na kwa yaliyotokea sina sababu ya kuwakatalia.

Niseme tu kwamba lilikuwa jina la mahali. Kanisa lilianza 1987 chini ya mkorosho, kaya sita tu, wakaliita Kanisa la Kibaptisti la mahali fulani, basi. Makanisa mengi ya Kibaptisti huanza hivyo. Hatuna askofu wa kutupangia jina, wala hatuna desturi ya wenzetu Wakatoliki na Waanglikana ya kuliweka kanisa chini ya jina la mtakatifu. Washirika wenyewe hukaa wakakubaliana, na kinachokuja haraka mdomoni ni jina la mtaa.

Mwaka 2015 tulihama. Kiwanja cha zamani kilikuwa kidogo na maji ya mvua yaliingia mpaka madhabahuni, tukanunua kingine ng'ambo ya mji, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Jina tukaja nalo, na usumbufu ukaanza. Wageni wa harusi walishuka bodaboda mahali pasipo kanisa. Siku ya msiba wa shemasi wetu, kwaya iliyotoka Ndanda ilizunguka mjini mpaka jeneza likawa limekwisha kutolewa ndani. Wimbo waliouandaa kwa ajili yake hawakuuimba. Mjane wake alilia kwa hilo, nami nikaapa moyoni kwamba jina hili litabadilika.

Kulikuwa na jambo jingine pia. Masasi ni mji wenye Ukristo mkongwe. Waanglikana walifika 1876 na watu waliokombolewa utumwani, na wamonaki Wakatoliki wa Kibenediktini wako Ndanda tangu 1906. Mtu hapa akisema ni Mkristo, jirani Mwislamu hudhani moja kwa moja kwamba ni wa mojawapo ya pande hizo mbili. Ukimwambia wewe ni Mbaptisti, anakuuliza kama ndiyo wale wa Yohana Mbatizaji. Vijana walichoka kujieleza. Walikuwa wameona makanisa ya mijini yenye majina mafupi yasiyotaja dhehebu, wakataka na sisi tuitwe Ebenezeri tu. Ukiyatazama majabali yaliyouzunguka mji wetu unaelewa kwa nini jina hilo liliwapendeza. Ni jiwe la msaada, lile alilolisimamisha Samweli akisema hata sasa Bwana ametusaidia.

Basi nikaitisha mkutano. Ilikuwa Novemba 2017, na hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipo.

Anayeijua Kusini anajua Novemba ni nini. Msimu ule bei ya korosho ilipita shilingi 4,000 kwa kilo kwenye minada, na hakuna mtu mwenye mikorosho aliyekuwa mjini bila sababu. Nusu ya washirika walikuwa mashambani wakiokota, wengine ghalani wakisubiri mzigo upimwe. Waliokuja mkutanoni ni watu 41, wengi wao vijana na watumishi wa serikali kama mimi. Waliokubali ni 27, waliokataa 14. Nikaandika: jina limepita. Katiba yetu inataka nusu ya washirika wawepo ndipo mkutano uamue jambo kubwa, na daftari lilikuwa na washirika 130. Hiyo katiba ilikuwa kabatini kwangu. Sikuifungua.

Na kwa kuwa sadaka za msimu zilikuwa nyingi, fedha zilitumika kabla ya fikra. Ndani ya wiki mbili tulikuwa na kibao kipya cha bati, shilingi 180,000 pamoja na fundi wa kuandika. Tukachonga muhuri mpya kwa 35,000. Neno Baptisti halikuwemo, si kwenye kibao wala kwenye muhuri. Ule wa zamani tuliuvunja mbele ya kanisa, watu wakapiga makofi. Mpaka leo nikikumbuka makofi yale moyo unaniuma.

Nizungumzie karatasi kwanza, maana katibu akiteleza huku fedha za kanisa ndizo zinazolala.

Akaunti yetu ya benki ilikuwa na jina la zamani. Nilikwenda na muhtasari nikidhani ni kazi ya asubuhi moja. Nikaambiwa nilete muhtasari wenye sahihi za waliohudhuria, katiba, barua ya makao makuu ya dhehebu, na barua ya maombi yenye muhuri unaofanana na ule uliomo kwenye faili lao. Muhuri ule tulikwisha kuuvunja. Nilipowaeleza, wakasema barua yenye muhuri wasioujua hawawezi kuipokea, na kwa kuwa wamekwisha kujua kwamba kuna mabadiliko, hawataruhusu fedha kutoka mpaka jambo liishe. Nililia ndani ya benki, mtu mzima mwenye miaka kumi na mitano ya ualimu. Ilitubidi kuripoti, kuapa, kuchonga muhuri wa pili unaofanana na wa zamani kwa idhini ya maandishi, na kusafiri hadi Mtwara mjini mara nne. Fedha zililala miezi saba. Na msimu uliofuata, ule wa 2018, malipo ya korosho yalichelewa mno kwa wakulima, sadaka zikakauka wakati ule ule tuliposhindwa kuigusa akiba. Mchungaji alikaa miezi mitatu bila posho. Mama Mchungaji aliuza maandazi barabarani, na hakunitupia neno hata moja.

Muhuri wa zamani usiuvunje. Ufungie sanduku pamoja na barua za zamani, na mabadiliko ya benki yakamilike kwanza. Kwenye barua, andika jina jipya, na chini yake kwa herufi ndogo uandike zamani liliitwa nani. Sisi tumefanya hivyo kwa miaka kadhaa sasa na imetuokoa mara nyingi. Kijana wetu mmoja alihamia Arusha na barua ya utambulisho yenye jina jipya peke yake, cheti chake cha ubatizo kina la zamani, na kanisa lililompokea likadhani ni makanisa mawili tofauti. Ilibidi mchungaji apige simu.

Kiwanja ndicho kilichonipa hofu kubwa zaidi, na ndicho kilichotoka salama, ingawa si kwa akili yangu. Hati ya mauzo ya 2015 iliandikwa kwa jina la kanisa la mtaa. Ofisa mmoja wa ardhi akanieleza kwa upole kwamba kanisa la mtaa peke yake halina uwezo wa kisheria wa kumiliki. Mali ya kanisa hushikwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, chini ya Sheria ya Uunganishaji wa Wadhamini, Sura ya 318, na usajili huo uko RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Dhehebu lenyewe husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya chini ya Sura ya 337. Maana yake ni kwamba kanisa lililo tawi la dhehebu lililosajiliwa, kama letu, likibadili jina la mtaa halibadili mmiliki wa ardhi, ila dhehebu lijulishwe na kumbukumbu zirekebishwe. Lakini kama kanisa lako limesajiliwa lenyewe, usiguse hata kibao kabla ya kumwandikia Msajili. Jina lililo kwenye cheti ndilo jina lako mbele ya serikali, hata kama ukutani umeandika jingine. Sisi tulitumia nafasi hiyo kuandikisha kiwanja upya kwa jina la wadhamini, jambo ambalo tungepaswa kulifanya siku tuliponunua.

Sasa nifike kwa Bibi.

Bibi ni mmoja wa zile kaya sita. Ni Mmakua, ana miaka zaidi ya themanini, na alikuwa shambani siku ya mkutano. Aliporudi Januari akakuta kibao kipya, hakusema kitu. Jumapili iliyofuata hakuja. Iliyofuata pia. Nilidhani ni miguu. Mwezi wa pili nikaenda kwake na sukari, nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ya mbali. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi, mwanangu. Mmenihamisha mara ya pili."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, huku akichambua kunde. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, yeye na mumewe na majirani zao walihamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani wakaletwa kandokando ya barabara. Kule waliacha mikorosho, nyumba na makaburi ya watoto wake wawili. Serikali ilipanga mitaa upya ikaipa majina mengine, na jina la kwao likapotea kwenye kila karatasi. Walipopata imani na kuanzisha kanisa, wakalipa kanisa jina la kule walikotolewa. Mimi na vijana wote tuliamini ni jina la mtaa wa kiwanja cha kwanza. Halikuwa hivyo hata siku moja. Duniani jina la mahali pale lilibaki sehemu moja tu, kwenye kibao chetu, nasi tulikishusha tukakiezekea banda la kuku la shule ya Jumapili.

Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Miaka yote hiyo nilikuwa naandika jina lile juu ya kila muhtasari, na sikuwahi kuuliza lilitoka wapi.

Bibi aliniambia jambo jingine ambalo nimelibeba. "Hapa kwetu mtoto akitoka jandoni anarudi na jina lingine, na ukimwita lile la utotoni anakasirika. Kubadili jina si kitu kigeni kwangu. Lakini mwali hajipi jina mwenyewe. Kuna mtu mzima anayemsimamia, na jina analopewa lina mwenyewe aliyelibeba kabla yake."

Nikampelekea Mchungaji maneno hayo yote. Hakunilaumu. Alisema sasa tumekwisha kukosea vya kutosha, tujifunze kwanza. Kwa majuma sita, kila Jumatano jioni, alitufundisha jinsi Wabaptisti walivyopata majina yao, na nadhani hapo ndipo kanisa lilipoanza kupona.

Tulichojifunza kilitushangaza. Jina Baptisti lenyewe hatukujichagulia. Wale Waingereza waliokimbilia Amsterdam na John Smyth na Thomas Helwys, wakaanza kubatiza watu wazima mwaka 1609, hawakujiita hivyo. Makanisa saba ya London yalipotoa ungamo lao la imani mwaka 1644, yalijitambulisha kama makanisa yanayoitwa kwa makosa Anabaptisti. Hilo lilikuwa neno la kuwatukana, likimaanisha wabatizaji wa mara ya pili. Jina la dhihaka lilifupishwa, likazoeleka, na mwisho wenyewe wakalibeba kwa heshima. Mzee mmoja aliposikia hayo alisema kimya kimya, "Kumbe jina hili lina majeraha." Yule mzee alikuwa miongoni mwa 27 waliopiga kura ya kuliondoa.

Kisha Mchungaji akatusimulia habari za kanisa la Charles Spurgeon, mhubiri maarufu wa Kibaptisti, huko London. Spurgeon alipofika 1854, kanisa lile liliitwa kwa jina la barabara lilipokuwa, New Park Street. Watu wakawa wengi, wakajenga mahali pengine, na mwaka 1861 walipohamia jengo jipya jina la barabara halikuwa na maana tena. Wakaitwa Metropolitan Tabernacle, na wako hivyo mpaka leo. Tukatazamana. Ilikuwa hadithi yetu, tofauti ni kwamba wao jina lao lilikuwa la barabara kweli, na letu lilikuwa la makaburi.

Vijana nao walipata hoja zao. Mchungaji hakuficha kwamba hata vyama vizima vya makanisa hubadili majina. Wabaptisti wa kaskazini mwa Marekani walianzisha umoja wao 1907 kwa jina la Northern Baptist Convention, wakalibadili 1950, wakalibadili tena 1972. Wale wa kusini, ambao wamisionari wao ndio walioleta kazi ya Kibaptisti Tanganyika mwaka 1956, waliliangalia jina lao mwaka 2012 wakaona lina harufu ya upande mmoja wa nchi. Wakaamua kwamba kanisa linalotaka linaweza kujitambulisha kama la Wabaptisti wa Agizo Kuu, lakini jina rasmi la 1845 wakaliacha lilivyo. Na hapa kwetu, seminari ya Kibaptisti ya Arusha ilikuja kuitwa Chuo Kikuu cha Mount Meru. Kwa jina hilo huwezi kujua dhehebu lake. Kwa hiyo aliyetaka kuondoa neno hakuwa mwasi, na aliyetaka libaki hakuwa mshamba. Jambo hilo lilituliza hasira nyingi, kwa sababu tayari kulikuwa na watu wasiosalimiana.

Wakati tukiendelea kujifunza, tukio moja likamaliza ubishi kuhusu neno Baptisti. Mshirika wetu anayefanya kazi Dar es Salaam alituma mchango wa mabati kwa mtu aliyeelekezwa kuwa ni mhazini wa Ebenezeri. Kumbe wilaya ya jirani kuna kanisa jingine, la dhehebu jingine kabisa, lenye jina hilo hilo. Fedha zilikwenda huko. Wenzetu wale walikuwa waungwana, walizirudisha zote, lakini ilichukua wiki tatu na aibu nyingi. Ebenezeri, Betheli, Sayuni, Gilgali: majina haya ni matamu kwa kila Mkristo, ndiyo maana yamejaa kila mahali. Kabla hamjapiga kura, ulizeni ndani ya wilaya yenu na wilaya za jirani nani anaitwa hivyo. Simu chache tu zingetuepusha.

Mkutano wa pili tuliuweka Juni 2019, mvua zimekwisha na korosho bado. Tulitangaza Jumapili nne mfululizo. Wagonjwa na wazee tuliwafuata kwa bajaji, kwa fedha ya mifuko yetu viongozi. Wakaja 109. Kabla ya kura, Mchungaji alimwomba Bibi asimulie jina la zamani lilikotoka. Alisimama akishika kiti cha mbele, akazungumza kwa muda mrefu, Kiswahili na Kimakua vikichanganyika. Alitaja majina ya waliozikwa kule, mmoja mmoja. Sijawahi kusikia kanisa letu likiwa kimya namna ile. Kijana aliyekuwa kinara wa jina jipya alikuwa analia waziwazi, na ndiye aliyeinua mkono wa kwanza Bibi alipokaa. Akasema anaomba radhi, hakujua.

Tulikubaliana hivi: Kanisa la Kibaptisti Ebenezeri. Na chini yake, kwenye kibao na kwenye kila barua, jina la mahali pale na mwaka 1987. Waliokubali walikuwa 96. Bibi mwenyewe ndiye aliyependekeza jina Ebenezeri libaki. Alisema jiwe linafaa, kwa kuwa kule walikotoka makaburi yaliwekewa mawe.

Kibao cha pili kilitugharimu 210,000. Ukijumlisha mihuri mitatu, nauli, viapo na bajaji, jina hili limetuchukulia karibu shilingi laki tisa, fedha ambayo ingeezeka vyoo vya kanisa. Na hayo ni ya kuhesabika. Watu kumi na mmoja waliondoka kati ya mkutano wa kwanza na wa pili, na tisa hawajarudi. Niliwatembelea wote. Wengine walinipokea vizuri, wengine waliniacha mlangoni. Mama mmoja aliniambia kwamba hakuwa na shida na Ebenezeri, alichoshindwa kusahau ni yale makofi siku muhuri ulipovunjwa. Sikuwa na la kumjibu.

Kile kibao cha kwanza kabisa tulikitoa bandani tukakisafisha. Kimepinda, herufi mbili zimeliwa na kutu. Kiko ndani ya kanisa sasa, ukutani upande wa wanawake, mahali anapokaa Bibi.

Kimebaki kitu kimoja ambacho hatukukirekebisha. Mita ya umeme tulihama nayo jina la zamani, na kila mhazini anaponunua LUKU, jina lile linatokea kwenye ujumbe wa simu. Mwaka jana aliniuliza kama niandike barua libadilishwe. Nilimwambia nitakwenda kwanza kumuuliza Bibi. Nilikwenda. Akaniomba nimsomee ujumbe wenyewe, nikamsomea, akataka nirudie.

Barua sijaiandika.